Kikombe cha Mama Irine

Jumuiya ya Nangara ililiombea tumbo la Mama Irine miaka kumi na sita, na tumbo lenyewe halikuwa na ugonjwa wowote.

Lilikuwa tumbo zima, nakwambia. Lilisaga makande, lilisaga maharage ya msibani yaliyoepuliwa kabla ya kuiva, lilisaga hata nyama ya beberu mzee. Lakini kila Jumatano jioni, ukifika wakati wa mahitaji ya maombi, hakosi mtu wa kusema, "Na tusimsahau dada yetu Skolastika na vidonda vyake vya tumbo." Basi watu wanafumba macho, wanavikemea vidonda, wanaviamuru vikauke, na mwenye tumbo ameinamisha kichwa kwenye kiti cha plastiki, aibu inamtafuna.

Uongo huo ulizaliwa na kikombe. Skolastika alikuwa na kikombe chake cha bati, na haendi mahali bila hicho. Harusini anakitoa kwenye mkoba. Msibani anakitoa. Ukimkaribisha chai kwako, unammiminia kwenye hicho au hanywi. Kanisani nako, siku za Meza ya Bwana, alikuwa anapiga magoti na wenzake, anapokea mkate vizuri, lakini kikombe kikimfikia anaweka kiganja kifuani na kuinama, kinampita. Watu wana macho, na wenye macho wana midomo. Siku moja jirani yake Coletha, Mama Wolfgang, mwanamke mwenye huruma nyingi ila kunyamaza hajui, akamuuliza mbele ya akina mama wote, "Mama Irine, au mwenzetu una vidonda vya tumbo?" Na yeye, kwa kubanwa, akajibu, "Ndiyo." Neno moja tu. Tangu hapo Coletha akawa anamletea unga wa ndizi mbichi, maji ya kabichi, asali, na majani fulani ambayo hata mbuzi huyaruka. Vyote akavinywa, maana ukishasema unaumwa, dawa utaikataaje?

Usimcheke sana, lakini. Ngoja kwanza.

Mwaka huu mwezi wa saba, watu wako kwenye mavuno ya mbaazi, simu yake iliita akiwa shambani. Alikuwa Irine, mtoto wake wa pekee, aliyeolewa Bonga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mtoto anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri. Angekuwa anakufahamu angekusalimia."

Mtoto alikuwa na wiki sita, wa kike, na bibi yake alikuwa amemwona mara moja tu, tena kutokea mlangoni, mikono ameificha ndani ya kitenge kama mtu aliyeshikwa na baridi.

"Mama, nisikilize," Irine akasema, na sauti yake haikuwa ya ugomvi, ndiyo maana ilitisha. "Jumapili hii tunabatiza. Jacqueline hukumshika alipozaliwa. Theo hukumshika. Mara mafua, mara mgongo. Mimi sababu naijua. Ni kwa kuwa baba yao ni Mbarbaigi, na wewe ulitaka niolewe na watu wa kwetu Mbulu."

"Irine, siyo hivyo."

"Kama siyo hivyo, njoo umbebe mtoto mpaka kwenye maji. Nakuomba wewe, simwombi mtu mwingine. Usipokuja sitakulaumu, mama, wala sitakununia. Ila watoto wangu sitawaleta tena kwako waje wasimame mbali kama kuku wa jirani."

Simu ikakatika. Skolastika akakaa chini katikati ya mbaazi. Kilichomuuma zaidi ni kwamba huyo mkwe anayedaiwa kuchukiwa, Benson, alimpenda kama mwanawe wa kumzaa. Baba Irine alipofariki, Benson ndiye aliyepanda juu ya paa la mama mkwe akalipiga bati upya, siku tatu, bila kuombwa.

Sasa ukweli wenyewe ni huu.

Miaka thelathini na moja iliyopita, huko juu milimani Mbulu, Skolastika akiwa mke wa Theodory kwa mwaka mmoja tu, alizaa mtoto wa kiume, na mtoto hakuifikia siku ya nne. Wazee wa Kiiraqw walikuwa na desturi yao kwa mwanamke aliyefiwa hivyo. Anatengwa. Kutengwa huko walikuita metimani. Hapeani mkono na mtu, haingii nyumba yenye mtoto mchanga, hali wala hanywi kwenye chombo cha mwenzake, mpaka muda uishe na mzee wa ukoo amwondolee mkosi. Usiwaone wajinga. Enzi hizo kifo kilikuwa kinatembea nyumba hadi nyumba, hospitali iko mbali, na watu walijilinda kwa walichokuwa nacho. Mama mkwe wake ndiye aliyempa kile kikombe cha bati, akamwambia bila ubaya wowote, "Hiki ni chako peke yako mpaka babu akufungue. Ukizaa mwingine usimwogope, huyo ni damu yako. Ogopa watoto wa nyumba za watu."

Babu, huyo mzee wa ukoo, alikufa kabla ya mwaka kuisha, hajamfungua.

Theodory hakuwa mtu wa kuogopa mambo hayo. Alimchukua mkewe wakashuka Babati kutafuta shamba, wakapata Nangara, na hapo mwinjilisti mmoja mzee akawafundisha na kuwabatiza wote wawili siku moja. Pengine hofu ingekwisha yenyewe, polepole. Lakini miezi michache baada ya ubatizo, Coletha, wakati huo mama kijana na jirani mgeni, aliingia uani na mtoto wake mchanga, Benedict, akampakatisha Skolastika kabla hajasema kitu. "Nishikie kidogo, nakwenda kuchota maji." Skolastika akamshika. Akamshika kwa furaha, mikono ilikuwa imekaa mitupu muda mrefu, akamwimbia mpaka akalala. Siku ya tisa Benedict akafa.

Hakuna aliyemnyooshea kidole, kwa kuwa hakuna aliyejua. Watoto watatu walikufa Nangara mwezi ule na watu wote walisema malaria. Skolastika yeye alijisemea lake. Alifungua sanduku, akatoa kikombe cha bati, na tangu siku hiyo hakuwahi kumbeba mtoto wa nyumba nyingine. Hata alipojaliwa Irine, na Irine akakua, akaolewa, akazaa, wale walikuwa watoto wa nyumba ya Benson. Na kila alipomwona Coletha anaingia uani na bakuli la dawa, amekazana, anahema, moyo ulimwambia: huyu ndiye uliyemuulia mtoto, na bado anakuhangaikia. Ugonjwa wake ulikuwa huo.

Jumatano ile, jumuiya ilikuwa kwa Coletha mwenyewe. Mchungaji Aikande alihudhuria, mwanamke mfupi, mcheshi, aliyehamishiwa usharika huo miezi miwili kabla kutoka Kilimanjaro. Mambo ya Mbulu alikuwa bado hayajui, na hakuona aibu kusema hayajui.

"Leo nina swali moja," akasema. "Siku uliyobatizwa, ulipewa nini?"

Watu wakatazamana. Mmoja akasema alipewa jina. Mwingine akasema cheti, ingawa mchwa walishakila. Coletha akasema, "Mimi nilipewa gauni jeupe, na lilinibana kwapa mpaka ibada ikaisha sikumbuki hata neno moja." Watu wakacheka, na Mchungaji akacheka kuliko wote.

"Sawa. Lakini Mtume Paulo aliwaandikia waumini kwamba baraka zote za rohoni wameshapewa ndani ya Kristo. Hasemi watapewa wakifika. Wameshapewa. Msamaha, umeshapewa. Kuwa mtoto wa nyumbani kwa Mungu, umeshapewa. Kuoshwa ukawa safi, umeshapewa. Kumkaribia bila kutetemeka, umeshapewa. Sasa nauliza, mbona wengi wetu tunaishi kama wageni ambao hawajaambiwa karibu?"

"Yaani, Mchungaji," Coletha akadakia, "ni sawa na mtu ana bomba uani kwake, linatoa maji usiku na mchana, na yeye bado anashuka ziwani na ndoo, katikati ya viboko."

"Hapo hapo, Mama Wolfgang."

Skolastika alisikia yote. Neno safi lilimchoma. Alijiambia maneno hayo ni matamu, na ni ya kweli, ila ni ya watu ambao mikono yao haijamuua mtu. Kisha wakafika kwenye mahitaji, na Coletha, machozi yanamtoka, akaliombea tumbo lake kwa dakika saba nzima. Chai ilipoletwa, Skolastika alikuwa ameshaondoka.

Alhamisi asubuhi alikata shauri. Kama kanisa lilimwosha na mkosi bado uko palepale, basi aende kwa ukoo, akafunguliwe kule kule alikofungwa. Siku tatu zilikuwa zimebaki. Akaenda Nakwa kwa shemeji yake Melkiadi, mdogo wake marehemu Theodory, akamkuta uani anatia mpini kwenye jembe. Akamweleza shida yake: amtafute mzee wa kumwondolea metimani, kondoo atatoa yeye, ila iwe kabla ya Jumapili.

Melkiadi akaanza kucheka. Akamtazama usoni, akaacha.

"Shemeji, miaka yote hii?"

"Miaka yote hii."

"Lakini babu alishakufa."

"Najua alikufa. Ana mwanawe."

"Mwanawe alikufa zamani. Na ukiniuliza mjukuu, mjukuu ni mwalimu wa Shule ya Jumapili huko Mbulu, anapiga na kinanda." Melkiadi akaweka jembe chini. "Shemeji, yale maneno hakuna anayeyajua tena. Hata nikipata kondoo, nani atasema? Tutasimama pale na kondoo tunatazamana. Mambo hayo yalishapita. Hakuna wa kukufungua."

Alisema vile kumtuliza, maskini. Skolastika alisikia kama anasomewa hukumu. Aliaga vizuri, akakataa chai, akatoka. Njiani alilia bila kujificha, watu wa bodaboda wanampa pole wakidhani ametoka msibani. Kanisa halikumfungua, ukoo hauwezi kumfungua, na Jumapili inakuja na mtoto wa Irine ndani yake.

Miguu ndiyo iliyompeleka nyumbani kwa Mchungaji. Alimkuta nyuma ya nyumba anachuma mchicha, ndala miguuni, mikono ina udongo.

"Bwana asifiwe, Mama Irine. Karibu, tumbo linaendeleaje?"

Swali hilo lilimmaliza. "Mchungaji, mimi sina tumbo," akasema, na yote yakatoka, kuanzia mtoto wa siku tatu mpaka kikombe, mpaka Benedict, mpaka Irine na Jumapili. Aliyasema akiwa amesimama hatua tano mbali naye, kwa kuwa kwa Mchungaji kulikuwa na mtoto anayenyonya.

Aikande hakucheka, wala hakumkemea. Alijifuta mikono kwenye kitenge.

"Mwinjilisti aliyekubatiza, alikugusa?"

"Alinishika kichwa. Mkono mzima."

"Alijua habari hii?"

"Alijua. Marehemu alimwambia. Akasema, huyo mama aje wa kwanza."

"Naye akapatwa na nini?"

Skolastika akafikiri. "Alifariki mwaka juzi. Alikuwa na miaka tisini na mbili."

Midomo ya Mchungaji ikacheza kidogo, lakini akajizuia. "Mama, desturi zenu sizijui, na sitazisema vibaya. Wale wazee walikuwa wanalinda watoto. Ila niambie. Kile kikombe cha Meza ya Bwana, unapokikataa, unaogopa nini?"

"Kukichafua."

"Kukichafua," Aikande akarudia, taratibu. "Kwa hiyo Mama Irine, uchafu wako una nguvu kuliko damu yake."

Skolastika akaitazama mikono yake.

"Yule mama aliyetokwa na damu miaka kumi na miwili, unamkumbuka? Naye alikuwa haruhusiwi kumgusa mtu. Watu walimkimbia, kila alichokigusa kilihesabiwa najisi. Akajipenyeza kwenye msongamano akagusa vazi la Yesu. Je, Yesu alichafuka?"

"Hapana. Mama ndiye alipona."

"Basi. Kitu kilitoka kwa Yesu kikaenda kwa mama. Hakikutoka kwa mama kikaenda kwake."

Habari hiyo Skolastika aliisikia mara ngapi? Aliwahi hata kuisoma mbele ya kanisa, siku ya akina mama, kwa sauti nzuri, watu wakamsifu. Lakini siku zote aliisikia kama habari ya mgonjwa aliyepona. Haikuwahi kumwingia kwamba yule mama alikuwa ametengwa, alikuwa mwenzake kabisa, na kwamba Bwana alimwita binti mbele ya watu wale wale waliomkimbia. Furaha ilimpanda mpaka akashika ukuta. Halafu, nisikufiche, hasira nayo ikampanda. Miaka thelathini. Ameoshwa, amevikwa, ameitwa mtoto wa nyumbani, na yeye muda wote amesimama mlangoni kwa baba yake na kikombe cha bati.

Kisha akakumbuka, na uso ukashuka. "Na Benedict, Mchungaji?"

"Hilo siwezi kulijibu kwa niaba ya mama yake," Aikande akasema. "Nenda kwa Mama Wolfgang. Mimi nitakuwa naomba, na safari hii siyo kwa ajili ya tumbo."

Kwenda kwa Coletha kulikuwa kugumu kuliko Nakwa. Alikwenda Ijumaa, akaishia kwenye uzio, akarudi. Jumamosi akapiga moyo konde. Alimkuta Coletha amekaa kwenye mkeka uani, ungo magotini, anapepeta mbaazi, na kabla hajafika karibu Coletha alishaanza: amepata majani mapya, kuna mama mmoja wa Hanang yamemsaidia, akae amchemshie.

"Mama Wolfgang, naomba leo uniache niseme mimi."

Akasema. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, kwa kilio, kwa ungo kurushwa. Hakuwa amejiandaa kwa Coletha kunyamaza. Coletha, ambaye hata kwenye maziko huongea na marehemu, alikaa kimya na mbaazi mkononi mpaka kuku wakaanza kujisogeza kwenye mkeka bila mtu wa kuwafukuza.

"Ile siku," akasema mwishoni, "nilikuambia nakwenda kuchota maji."

"Ndiyo."

"Sikwenda kuchota maji. Benedict alikuwa na homa siku ya pili. Hukuhisi joto lake?"

"Nilidhani ni jua."

"Nesi alishaniambia nimpeleke hospitali. Mimi nikaona nipate kwanza dawa kwa bibi mmoja wa kule Bonga, nikaona aibu kumpitisha mtoto barabarani watu wakiuliza, ndiyo nikakuachia. Hospitali tulifika siku ya nane." Coletha alikuwa anazungumza na mbaazi, siyo na mtu. "Wewe hukumuua mwanangu, Mama Irine. Siku zote hizi mimi ndiye ninayejua nani alichelewa. Ndiyo maana nikisikia mtu anaumwa siwezi kukaa. Nakimbia na dawa. Wolfgang ananicheka, jirani wananicheka. Siwezi kukaa."

Wanawake wawili, uzio mmoja kati yao, miaka thelathini, kila mmoja amejibebesha kaburi lile lile. Kweli mficha uchi hazai.

Skolastika akakaa naye kwenye mkeka. Hakujua theolojia ya kumwambia, akamwambia alichokipata juzi, kikiwa bado cha moto. "Mama Wolfgang, yale ya Jumatano. Msamaha umeshapewa. Siyo mimi peke yangu. Na wewe. Lile bomba lako ulilolisema."

Hapo Coletha akalia, akalia vizuri, kichwa begani kwa mwenzake. Alipomaliza akajifuta na upande wa kitenge, akakunja uso.

"Kwa hiyo vile vidonda?"

"Sina vidonda."

"Ulipona lini?"

"Sijawahi kuwa navyo."

Coletha akaweka ungo chini. "Ule unga wangu wote wa ndizi?"

"Niliunywa."

"Na yale majani ya mwaka jana, ya kijani kibichi?"

"Hayo niliyanywa, Mungu ni shahidi, yakanipa vidonda kwa siku mbili."

Coletha akaanza kucheka, akacheka mpaka akalala ubavu kwenye mbaazi. Kisha akainuka, akaingia jikoni, akarudi na chai kwenye kikombe cha udongo chenye mpini uliokatika, kikombe chake cha kila siku. Akanywa nusu. Akampa Skolastika iliyobaki, bila kusema lolote, na ukizingatia ni Coletha hilo lilikuwa jambo kubwa. Skolastika akaipokea kwa mikono miwili. Akainywa yote.

Jumapili walikwenda Bonga kwa bajaji, wote wawili. Nisikudanganye kwamba hofu ilikuwa imekwisha. Hofu ya miaka thelathini haifungashi mizigo kwa siku moja. Njia nzima Skolastika alikuwa anasema kimoyomoyo, kinatoka kwake kinakuja kwangu, kinatoka kwake kinakuja kwangu, na Coletha amemshika kiwiko.

Irine alikuwa nje ya kanisa, mtoto mikononi, Benson pembeni yake na suti ya harusi yao. Alipomwona mama yake hakutabasamu. Alisubiri aone mikono itafanya nini.

"Siyo Benson," Skolastika akaanza, kabla hata ya salamu. "Benson, baba, nisamehe. Sijawahi kukuchukia hata siku moja. Irine, kabla yako nilikuwa na mtoto akafa, nikaambiwa nitawaambukiza kifo watoto wa watu, nikaamini. Niliogopa kuwaua wanao. Nilisimama mbali kwa kuwa nawapenda."

Benson alikuwa mtu wa watu wa mifugo, na kwao nako wanajua maana ya mtu kutengwa. Akavua kofia. Irine alikuwa ameachama.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Nilidhani ukijua utaniogopa."

"Mama jamani," Irine akasema, akalia pale pale mbele ya wageni wake, na huku analia akamwekea mtoto mikononi. Alimwekea haraka, kama mtu anayeogopa mwenzake atabadili mawazo. Mtoto alikuwa mwepesi, ana joto, ananukia maziwa na mafuta. Akapiga miayo. Skolastika alimshikilia mpaka kwenye maji, akamshikilia wakati anaitwa jina, Conjesta Benson, akamshikilia alipolowanisha nepi mpaka kitenge kipya kikalowa. Irine alinyoosha mikono ampokee. Bibi akakataa kwa kichwa.

Ilipofika Meza ya Bwana alimpa Coletha mtoto, akaenda kupiga magoti. Akapokea mkate. Kikombe kikaja, na mkono wake wa kulia, kwa mazoea, ukaanza kupanda kifuani. Akaushusha. Akanywa. Divai ilikuwa chachu kidogo, ikamteremka, na tumbo likaipokea bila neno.

Baada ya ibada watu walikuwa uani, wanapeana mikono, sufuria za pilau zinafunuliwa. Skolastika alikuwa kwenye benchi na Conjesta amelala kifuani pake. Jacqueline, mjukuu wa kwanza, akaja akasimama mbele yake. Alisimama hatua mbili, pale pale alipozoea kusimama kwa miaka minane.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Bibi, mgongo wako umepona?"

"Umepona."

Mtoto akamtazama mdogo wake kifuani kwa bibi, akatazama viatu vyake mwenyewe. "Kwa hiyo na mimi unaweza kunibeba?"

"Jacqueline," Irine akasema kutoka kwenye sufuria, "wewe ni mkubwa sasa, mwache bibi apumzike."

Skolastika akampungia Irine aje amchukue mtoto mchanga. Kisha akafungua mikono. Jacqueline akaja taratibu, akakaa kwanza kwenye ncha ya goti, nusu amesimama, kama amekaribishwa kiti cha watu. Alikuwa na miguu mirefu ya baba yake, ikafika chini na kukunjika. Akasubiri aone. Kisha akajiachia, mzigo wote, kichwa kikaegemea shingoni kwa bibi yake.

"Mimi mzito," akasema. "Nishuke?"

"Usishuke," Skolastika akasema, na nyuma yao Theo alikuwa ameshasimama, anasubiri zamu yake.